Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: "Kulikuwa na taa" haitoshi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashtaka,

Kwa heshima zote, yametokea tena. Mfungwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha kaachiwa kwa rufaa baada ya miaka gerezani, na sababu ni ile ile: tukio la usiku, shahidi mmoja, na mstari mmoja kwenye mwenendo wa kesi, "nilimtambua kwa mwanga wa taa." Taa gani? Hakuna aliyeuliza.

Hatudai mashahidi wawili. Sheria ya Ushahidi haitaki idadi maalumu, na majambazi hawasubiri kadamnasi. Lakini shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea mtu, tena bila kutetereka kizimbani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema hilo mwaka 1980 katika shauri la mtu aitwaye Waziri Amani: utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe hadi uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Ikataja na ya kuangalia: muda, umbali, mwanga, na kama shahidi alikuwa akimfahamu mtu huyo. Miaka zaidi ya 40 imepita. Bila shaka nakala imeshafika ofisini kwako.

Chukua hiyo taa. Kibatari kilichowekwa nyuma ya mtu kinaonyesha umbo tu, si sura. Tochi ndiyo balaa: ikiwa mkononi mwa jambazi, anayemulikwa ni shahidi, naye akiitazama haoni aliyeishika. Kwa hiyo maelezo ya polisi yaseme taa ilikuwa ya aina gani, ilikaa wapi, nani aliishika, uso ulionekana kwa muda gani na kwa hatua ngapi. Kama shahidi alimjua mtu huyo kabla, je, alimtaja kwa jina kwa aliyefika kwanza kusaidia, au jina lilizaliwa siku mtu alipokamatwa?

Kama hakumjua, aeleze kwanza wajihi wake: urefu, rangi, kovu, mavazi. Ndipo lije gwaride la utambuzi, shahidi amtafute mtuhumiwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana na mtuhumiwa kwa umri, kimo na mwonekano. Siyo mtuhumiwa pekupeku na wenzake wote wana viatu! Wala shahidi asikalishwe kwenye benchi la kituo huku mtuhumiwa akipitishwa na pingu, au akaonyeshwa picha yake kwenye simu asubuhi ile. Hapo atatambua picha. Na kumnyooshea kidole kizimbani kwa mara ya kwanza ni kazi bure, maana kizimbani yuko peke yake.

Kwa nini makosa hayo hayaishi? Pengine wapelelezi wameelemewa, pengine maelezo yananakiliwa kutoka jalada moja hadi jingine. Lakini unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Aliyeibiwa naye hapati kitu. Jambazi halisi hakutafutwa tena.

Ibara ya 59B ya Katiba inakutaka uzingatie nia ya kutenda haki na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki. Hatuombi semina wala kamati, Mheshimiwa. Jalada likija na shahidi mmoja wa usiku bila majibu ya maswali haya, lirudishe kwa mpelelezi kabla ya hati ya mashtaka. Lirudishe tu.

Wako watiifu,
Mawakili wa utetezi