Kabla hujazitundika pakiti

Mikindani, Mtwara
Agosti

Shoga yangu Somoe,

Hatujambo. Kusi linatuchapa tangu alfajiri na samaki wamepanda bei, lakini uzima upo. Mama anakusalimu, anauliza kama goti limepoa. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya juzi ilikuwa ikikatakata, na naona ulichobaki nacho ni kwamba nimekukataza kuuza krispi. Sikukukataza. Ukifungua duka mbele ya shule ya msingi halafu ukawa huna krispi, watoto watavuka barabara waende kwa jirani, nawe ubaki na sabuni zako. Ninalotaka kukueleza ni kipi kitundikwe mbele, kipi kikae rafu ya nyuma, na kwa nini.

Na wala usidhani anayekuandikia hazili. Nazipenda zile za mahindi, zilizofura, za rangi ya chungwa, zinazoacha unga vidoleni. Za viazi sizijali sana, zinanikwaruza fizi. Baba Rajabu ndiye hazitaki zote. Yeye mpe muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu, mmeelewana. Akila hizo zangu anasema anatafuna upepo.

Hajakosea sana. Mahindi yanavunjwa chengachenga, yanasukumwa ndani ya mashine yenye joto na mgandamizo mkubwa, na yakitokea kwenye tundu maji yaliyomo yanageuka mvuke ghafla na kuyafurisha. Kisha yananyunyiziwa mafuta na unga wa ladha. Ndiyo maana kipande ni kikubwa machoni, lakini ukikiweka ulimini kinayeyuka kabla meno hayajafanya kazi, na tumbo halina habari mpaka pakiti imekwisha. Muhogo unachosha taya. Ukila vipande viwili vitatu mwenyewe unatafuta maji.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walitoa matokeo yao. Watu 20 waliwekwa ndani wakalishwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana, na wiki mbili nyingine vyakula vya kupikwa visivyosindikwa sana. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizoandaliwa mezani zilifanywa ziwe sawa pande zote mbili, na kila mtu akaambiwa ale atakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine wakapungua kiasi hichohicho. Na walipoulizwa kipi kitamu zaidi, hawakuonyesha tofauti ya maana. Walikula tu kwa kasi zaidi. Watu 20 ni wachache, na sidhani kama yupo aliyetoka Mtwara, lakini mimi utafiti huo umenitosha. Sipendi tena kusikia walimu wakisema watoto wa siku hizi walafi. Hao wa Marekani walikuwa watu wazima, na yakawakuta hayohayo.

Ukienda kwa muuzaji wa jumla, geuza pakiti usome mgongoni. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Ukikuta mahindi, mafuta na chumvi, unajua unachouza. Ukikuta orodha ya rangi, viongeza ladha na majina yasiyotamkika, hiyo iwe ya rafu ya nyuma. Wengine huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha mara 2.5 ndipo upate chumvi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo. Sasa sisi watu wa pwani, ukishaweka ng'onda, dagaa wa chumvi na achari, kijiko chenyewe kimejaa kabla pakiti haijafunguliwa.

Mama alipoambiwa ana presha tulipunguza chumvi nyumba nzima. Wiki za mwanzo alinuna, anasema tunampikia kama maiti. Ilipofika miezi miwili mitatu akaenda harusini Shangani, akarudi analalamika kuwa pilau lilikuwa chumvi tupu. Pilau nililila mimi pia, lilikuwa la kawaida kabisa. Kwa hiyo usiniambie "watoto wanapenda hivyo". Wanapenda walichozoeshwa, na wa darasa la kwanza bado hawajazoea sana.

Tuje kwenye bidhaa. Mtoto anakuja na shilingi mia au mia mbili, na ananunua kile ambacho hela yake inatosha. Pakiti ndogo ya krispi imepimwa makusudi iingie kwenye sarafu yake. Nawe pima vyako hivyohivyo, kwenye vikaratasi vya pembe tatu kama vya muuza karanga, uvipange usawa wa macho ya mtoto. Njugu mawe za kuchemsha ndizo ningeanza nazo: mavuno yamekwisha, zimejaa sokoni, na zinakaa tumboni mpaka kengele ya mchana. Ming'oko, vile viazi vya mwituni, ikiletwa kutoka porini usiikose. Ichemshe, iache na ngozi yake, mtoto aimenye mwenyewe kwa kucha na kuchovya kwenye chumvi kidogo na pilipili. Kule kumenya ndiko kunakomfanya ale polepole. Kashata za ufuta zina sukari, najua, lakini hapo kwenu Lindi ukikosa ufuta wakati huu utakuwa umetaka mwenyewe. Zikate ndogo.

Korosho ndiyo inayoniuma. Mikorosho imetuzunguka, mingi ndiyo kwanza inatoa maua, na korosho zikishaanguka nyingi zinaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam. Iliyobanguliwa inabaki chakula cha mgeni na zawadi ya wa Dar. Mtoto wa hapa anaijua korosho kwa kuiokota, kuila hali. Wewe usinunue zile nzima za madaraja makubwa. Zile namba, W240, W320, ni idadi ya punje kwenye ratili moja. Namba ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei ni kubwa. Nunua vipande. Lishe ni ileile, bei ni nafuu, na hakuna mtoto atakayedai punje nzima. Hapa mtaani wapo kina mama wanaobangua kwa mkono, wanazichoma kwanza mpaka moshi mweusi uishe, halafu wanagonga moja moja huku wamejipaka majivu viganjani kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi. Ukiwaona wakifanya hivyo huombi tena kupunguziwa bei. Ila zipime kidogo kidogo: gramu 100 zina kalori zaidi ya 500, na hapo zimekaribiana kabisa na krispi. Tofauti ni kwamba korosho ina protini ya kutosha na inakushibisha.

Usije ukadhani pia kwamba kila kisicho na pakiti ni salama. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, tupa. Kuzikaanga hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mahindi yale yalitoka mashambani kwao. Na bagia zilizokaangwa kwenye mafuta meusi yanayorudiwa kila siku, mimi afadhali nile krispi zangu.

Soda weka, lakini kwa wakubwa. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu usimuuzie mtoto hata akikuambia katumwa na baba yake. Kwa watoto weka maji, na machungwa yaliyomenywa, huu ndio msimu wake.

Faida yako itapungua kidogo mwanzoni, sitaki kukudanganya. Krispi haziozi, hazitaki kuni, na njugu zikilala siku mbili ni hasara. Chemsha kiasi cha kuisha kabla ya saa nane, ongeza ukishaona mwendo wa wateja.

Jumamosi nitakufungia vipande vya korosho kwenye basi la asubuhi, nitakupigia nikupe jina la kondakta. Utalipa ukishauza. Nimeviacha bila chumvi, uvikaushe mwenyewe kwenye sufuria, moto mdogo, usiache kukoroga maana vinaungua upesi. Na mizani unayo? Kama huna, ipo ile ya zamani ya mama, haitumiki. Sema niifunge humohumo.

Wako,
Zuhura