Kabla hujapeleka kalenda kwa mchapaji

Salma mwenzangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, mvua bado. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na lawama zako Mwanaidi kanifikishia zote, tena na chumvi aliyotia mwenyewe. Nitajibu siku nyingine. Leo naandika mbio kwa ajili ya zile kurasa za kalenda ya 2027. Kama hazijafika kwa mchapaji, zishike hapo hapo.

Kwenye kisanduku cha Machi 21 umeandika "Nairuzi (Mwaka Kogwa)". Makosa mawili yamelala kitanda kimoja.

La Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, ni jepesi. Jina Nairuzi tumelipata kwa Waajemi, sawa, lakini Mwaka wa Makunduchi ulihesabiwa siku 365 kavu, hakuna siku ya nyongeza. Jua linataka siku 365 na karibu robo. Basi kila miaka 4 Mwaka ukirudi nyuma siku 1, karne zikapita, ndiyo maana tunakogwa Julai. Waparsi wa India, wenye dini ya kale ya Waajemi, wanaofuata hesabu iitwayo Shahenshahi yamewakuta yayo hayo, mwaka wao mpya sasa unaangukia Agosti. Uhamishie Julai, na tarehe uwaulize watu wa Makunduchi wenyewe.

La Nairuzi yenyewe, mwaka mpya wa Iran, ndilo lililoninyima raha. Machi 21 ni siku ya kimataifa ya Nairuzi iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, na kila mtu anainakili kama aya. Lakini Wairani hawaanzii tarehe, wanaanzia dakika: ile jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini. Dakika hiyo ikitokea kabla ya adhuhuri ya saa za Iran, siku hiyo hiyo ni mosi Farvardin, mwezi wao wa kwanza. Ikitokea baada ya adhuhuri, mosi ni kesho yake. Tazama: mwaka 2024 jua lilivuka Machi 20, saa 12:36 asubuhi ya Tehran, mwaka ukaanza Machi 20. Mwaka 2025 likavuka Machi 20 pia, ila saa 6:31 mchana. Nusu saa tu imepita adhuhuri! Basi mwaka uliokuwa unaisha, 1403 kwa hesabu yao, ukapewa siku ya 30 katika Esfand, mwezi wa mwisho, na 1404 ukaanza Machi 21. Siku ya nyongeza kwao inazaliwa hivyo, kwa kulitazama jua. Kwa kawaida huja kila baada ya miaka 4, mara moja moja 5.

Kwa kalenda yako, 2027 jua litavuka Machi 20, saa 5:55 usiku wa Tehran, kwetu saa 5:25. Kwa hiyo Machi 21 yako imesimama, kwa bahati. Ila familia zitakuwa zimekaa mezani, mbele ya vile vitu saba ambavyo majina yake huanza na herufi sin, usiku wa tarehe 20. Andika vyote viwili, dakika na siku. Ukiweka siku peke yake, mtu atapiga simu ya heri mwenzake keshalala.

(Sisi kugombana mwezi umeandama haujaandama hakututoshi, sasa na jua.)

Aprili nayo. Sikukuu za mwaka mpya za Watamil, Wabengali, Thailand na Sri Lanka umezirundika zote tarehe 14 na kuandika "tofauti na Iran, sababu haijulikani". Inajulikana, Salma! Hawa wanangoja jua liingie burji ya Hamali kwa kupimwa na nyota, siyo kwa usiku na mchana kulingana kama Wairani. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia, kwa hiyo mwaka wa nyota umeuzidi mwaka wa majira kwa dakika 20 hivi. Dakika hizo hukusanyika zikawa siku 1 kila miaka 70 au zaidi kidogo, na leo pengo limepita wiki tatu. Halafu kila watu na mpaka wao: Watamil wakiona jua limeingia kabla ya magharibi, ni siku ile ile; Wabengali wa India mpaka wao ni usiku wa manane na hungoja kesho yake, ndiyo maana mara nyingi wao ni 15. Bangladesh wamefunga 14 kisheria. Thailand Songkran ni 13 hadi 15, haisogei.

Sri Lanka usiwape kisanduku kimoja tu. Jua kutoka burji ya Hutu kuingia Hamali, upana wake mzima, wanahesabu saa 12 na dakika 48, na muda huo hawapiki wala hawafanyi kazi. Mwaka 2024 muda huo ulianza saa 8:41 mchana Aprili 13 hadi saa 9:29 usiku. Baadaye, kwa saa iliyopangwa, jiko linawashwa na maziwa yanachemshwa mpaka yafurike.

Na ile kiribath, wali wa tui wa Sri Lanka, uliyoiweka nyuma ya Aprili, toa basmati. Haishikani. Mchele mfupi vikombe 2, maji 4, uive na maji yakauke kabisa kwanza. Ndipo utie tui zito vikombe 2 na chumvi kijiko cha chai, moto mdogo, ukoroge mpaka uwe na uzito wa bokoboko. Ulivyoandika wewe, tui tangu mwanzo, mchele utabaki na kiini na tui litakatika. Mimina kwenye sinia, unene wa vidole viwili, kandamiza kwa jani la mgomba, ngoja dakika 10, kata kwa kisu kilicholowa.

Sasa niambie: mchapaji anataka kurasa lini hasa? Machi ina nafasi ya mistari miwili, au ile picha ya Bi Nasra imekula yote? Nani alikupa ile "sababu haijulikani", Hamadi? Na Julai umeshampata wa kumuuliza Makunduchi, au nimwambie Mwanaidi aende, maana mdomo anao?

Wako,
Zuhura