Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga: Naomba nikuzungumzie maua

Mstahiki Meya,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ngamiani, na sikuandiki kwa kulalamika. Nina ombi, na ombi lenyewe ni la maua.

Najua kiti ulichokalia kina uzito. Kuna mitaro, kuna taka, kuna madarasa, kuna wafanyabiashara wanaotaka vizimba sokoni. Wapo watakaosema maua ni anasa ya watu walioshiba. Ndiyo maana nataka nianzie wodini, ambako hakuna anasa.

Mwaka juzi mama yangu alilazwa siku kumi na moja. Siku ya tano alikataa uji, akakataa maji, akageukia ukuta. Nilimsemesha hakujibu. Jioni akaja shoga yake wa tangu usichana, kashika karatasi ya gazeti iliyolowa, ndani yake kikuba: asumini, mrihani na rozi kidogo. Hakusema mengi. Alikifunga kwenye pindo la kanga ya mama, karibu na shingo, akakaa. Mama akavuta pumzi, akafumba macho, kisha akauliza, "Leo Alhamisi?" Kweli ilikuwa Alhamisi. Kwetu usiku wa kuamkia Ijumaa ndio usiku wa vikuba, na mama hakuwahi kuukosa tangu ameolewa. Baada ya hapo akaomba uji.

Sisemi ua lilimponya. Waliomponya, kwa uwezo wa Mungu, ni madaktari na wauguzi, na dawa zao. Lakini siku nne nzima mama hakujua leo ni siku gani, na harufu ya asumini ilimrudishia kalenda yake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba wanuse. Kikuba kikatembea kitanda hadi kitanda. Mmoja alikuwa mama wa kutoka Lushoto, hajawahi kuvaa kikuba maisha yake, na yeye ndiye aliyekishika muda mrefu kuliko wote. Nilipotoka nje usiku ule nikatazama kiwanja chote cha hospitali: vumbi, magari, viti vya saruji. Mita chache tu kutoka dirisha la wodi palikuwa na udongo mtupu ambao ungetosha vichaka vitatu vya asumini.

Niruhusu nieleze kidogo, maana vijana wengi wa siku hizi kikuba wanakiona harusini tu. Asumini huchumwa baada ya alasiri, likiwa bado kichomozo kilichofumba. Ukichelewa hadi likafunguka, limeshakuponyoka, halitungiki vizuri na harufu yake nusu imekwenda. Mtungaji hukaa barazani, sahani ya maua pembeni imefunikwa kitambaa kibichi, uzi na sindano mkononi. Hutunga asumini, akatia mrihani kwa ubichi wake, akamalizia na rozi, au kilua, au langilangi, kutegemea msimu na mfuko wa mteja. Magharibi ikiingia kazi imekwisha. Ua lenyewe hufunguka usiku, kwenye nywele za aliyelivaa au juu ya mto wa bwana na bibi harusi, na asubuhi limenyauka. Haliwekeki dukani, wala halisafirishwi mbali. Lazima mchumaji, mtungaji na mnunuzi wawe wanaishi karibu karibu. Kwa hiyo mtaa wenye vikuba ni mtaa ambao watu bado wanatembeleana jioni.

Na si harusi tu. Maulidi husomwa watu wakinyunyiziwa marashi, nayo ni maji ya mawaridi. Watoto wetu tuliwaita Maua, Asumini, Waridi, Rehani. Nimefundisha akina Maua wasiopungua ishirini. Siku moja niliwauliza darasa la nne nani amewahi kupanda ua kwao. Kati ya watoto zaidi ya hamsini, mikono ilinyooka saba.

Hapa sina budi kusema na kosa la nyumbani kwangu. Uani kwa bibi kulikuwa na mkilua. Ua la kilua halina rangi ya kutamba, linaning'inia kama limesahauliwa, lakini likiwiva harufu yake inaingia hadi chumba cha ndani. Bibi alikuwa akiyaweka makavu kwenye sanduku la kanga. Alipofariki tukaukata mti ule tukajenga vyumba vitatu vya kupangisha. Kodi tuliihitaji, siwezi kusema uongo. Lakini miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika mti huu kwenye vitabu vya sayansi aliuita Mkilua fragrans. Jina la Kiswahili, la mwambao huu wetu, ndilo linalotumika dunia nzima. Mti huo asili yake ni pwani ya Kenya na Tanzania, hauna kwao kwingine. Tuliokata mti wa bibi tulidhani tunakata mti wa kawaida tu wa uani. Na nyumba nyingi za Ngamiani zimepita njia hiyo hiyo: uani pakawa vyumba, udongo ukawa saruji, mtungaji akawa hana pa kuchuma.

Kuna ua jingine, Mstahiki Meya, ambalo kila nikilifikiria naona Tanga tumelala. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Mahali pamoja alipoukuta ni kwenye nyufa za mawe ya chokaa, mwendo wa saa moja tu kutoka mji wetu, na kwingine ni misituni Usambara. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover, na mwaka 1893 ukapewa jina la Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanauita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Leo umo madirishani mwa nyumba zisizohesabika Ulaya na Marekani. Watu wanaumwagilia maji kila wiki bila kujua Tanga iko wapi. Nasi tunaoishi ulikotoka, ni wangapi tunaoujua kwa sura? Huku msituni unazidi kupungua kwa sababu kivuli chake kinakatwa.

Mwaka huo huo wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya 1,000 iliyosafirishwa ilinusurika 62, ikapandwa upande wa Pangani. Mkonge tunaukumbuka, na ni haki, umewalisha wazee wetu na kuwaumiza pia. Lakini mwaka ambao mmea mmoja uliingia kwetu, mwingine ulikuwa umeshatoka, na huo uliotoka hatukuuimba hata siku moja. Ningependa mtoto wa Tanga aukute dirishani mwa ofisi ya mwalimu wake mkuu. Hautaki gharama. Unataka kivuli, mwanga wa dirishani, maji yasiyozidi, na jani moja tu ukilichomeka kwenye udongo mwepesi, baada ya miezi miwili mitatu linatoa vichipukizi. Darasa zima linaweza kugawana majani ya kopo moja.

Sasa ombi langu lenyewe.

La kwanza ni la watungaji. Waliobaki nawajua kwa sura karibu wote, na wengi ni rika langu. Wanakaa chini jioni, pembezoni mwa barabara, kwenye mwanga wa duka la mtu. Ninaomba pale Mgandini, na masoko mengine itakapowezekana, wapate banda dogo lenye taa na bomba la maji, litakalokuwa lao kuanzia alasiri hadi isha. Saa hizo wauza mboga wengi wameshafunga, kwa hiyo hata si kuwapunguzia wengine nafasi. Na kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitaka halmashauri iwakopeshe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kitalu cha asumini, mrihani na rozi kihesabiwe kuwa mradi kama ulivyo mradi wa kuku au wa sabuni. Vijana wanaouza miche kwenye viriba kandokando ya barabara tayari wana ujuzi. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mji unataka asumini.

La pili ni la kupanda. Bustani ya Jamhuri ina upepo wa bahari na watu wanaokaa jioni. Panafaa mlangilangi, na panafaa mkilua upande wenye kivuli. Stendi ya Kange ndipo mgeni anaposhukia. Huko naomba miti ya kivuli yenye maua, ile myekundu tunayoiita mikrismasi, maana hiyo hustahimili jua na moshi. Zahanati na hospitali zipate asumini chini ya madirisha ya wodi. Naomba sana yasiwe maua ya plastiki, wala yale yanayoletwa yamekwisha kuchanua kwa ajili ya ziara ya kiongozi, yakakauka wiki ya pili. Tupande kabla ya masika, Februari mashimo yawe tayari, mvua ya Machi ifanye kazi ambayo hatuna mabomba ya kuifanya.

Utaniuliza maji ya kiangazi. Msikiti ninaosali mimi, mzee mmoja aliupanda mwasumini pale maji ya udhu yanapotokea. Hakuna aliyewahi kuumwagilia, na haujawahi kukauka. Jioni, watu wakitoka kuswali magharibi, utaona mwanamume mzima anachuma vichomozo vitatu vinne anavitia mfuko wa kanzu kumpelekea mkewe. Misikiti ya mji huu ni mingi, na maji ya udhu yanapotea mitaroni mara tano kwa siku. Makanisa na shule nazo zina matangi na watu wa kuyatunza. Jiji lisibebe mzigo wote. Litoe miche na idhini, na lituachie sisi wa mtaani tuchague nani anamwagilia nini.

Mama yangu alitoka hospitali, akaishi miezi saba zaidi. Shoga yake ndiye aliyemtungia kikuba kila Alhamisi mpaka ya mwisho. Sasa yule bibi naye macho hayaoni sindano, na nimeanza kujifunza kwake, umri huu, jinsi ya kukaza fundo bila kuponda ua.

Mwaka jana nilipata mbegu za kilua kwa jamaa zetu. Zilichelewa kuota hadi nikakata tamaa, lakini zimeota nne. Mmoja utapandwa uani kwetu, kwenye pembe tuliyoiacha bila saruji. Mitatu iko barazani kwangu kwenye viriba, imefika kimo cha goti. Naomba umtume mtu wa bustani aje aichukue kabla ya masika. Akifika Ngamiani aulize nyumba ya mwalimu mwenye mrihani mlangoni, ataonyeshwa.

Wako katika ujenzi wa mji wetu,

Mwalimu mstaafu
Ngamiani, Tanga