Dada, koki ilikuwa mbovu

Shikamoo dada.

Simu hupokei. Ujumbe unausoma, alama mbili za buluu naziona, jibu hakuna. Basi nakuandikia hapa mbele za watu, maana najua atatokea mmoja wa kukufikishia kabla hata sijamaliza. Kwetu hakuna mwenye kifua.

Tangazo lako la nyumba ya wageni huko Komoro nimeliona. Picha ya mlima alfajiri, picha ya pwani, picha ya kitanda chenye chandarua kilichofungwa fundo kama kilemba, na maneno: "Karibu Ngazija, pepo ya Visiwa vya Mwezi." Chumba nimekijua kwa dirisha lake. Ndicho nilicholala mimi, mmekipaka rangi tu. Hongera, na sikukejeli. Kwenu nyumba ni ya binti, na Koko, yaani bibi, alishasema tangu uko mdogo kwamba hii ni yako, wanaume ni wapita njia. Ukiigeuza ya wageni hakuna wa kukuuliza.

Lakini lile tangazo lina mambo limeyanyamazia.

Umeweka picha ya gombesa, yule samaki wa kale. Ni kweli, ana hadithi nzuri: wataalamu walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili huko kwenu, kisiwani Nzuani, mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua zamani na hawana haja naye kwa sababu nyama yake hailiki kwa raha. Sasa mgeni wako atamwona wapi? Anaishi chini sana, zaidi ya mita mia, kwenye mapango ya mwamba. Mtu atasafiri kutoka Ulaya, atakaa wiki nzima, na gombesa atamwona kwenye fulana. Bora ungemweka yule bundi mdogo wa Karthala, mlima wenu wa volkano, asiyepatikana pengine popote duniani ila kwenye msitu wa mlima huo. Sisi bundi akilia juu ya paa tunasoma dua, wewe angekuwa mtaji wako.

Pwani ya Chomoni umeipiga picha vizuri. Mchanga mweupe na majabali meusi ya lava yameingia baharini, hapo sina neno.

Ulichokiacha ni maji.

Mgeni hatajua, dada. Mimi ndugu yenu sikujua. Nilitoka uwanja wa ndege wa Hahaya, njia nzima huku lava nyeusi, huku migomba na minazi ya kijani, nikasema moyoni nchi hii ina neema. Nani angefikiri kwamba kisiwa chenye mlima wa mita 2,361, mlima unaoshikwa na mawingu kutwa, hakina hata mto mmoja? Nzuani wana mito, Mwali wana mito. Ngazija ardhi yake bado changa, mwamba una matundu matundu, mvua ikinyesha inamezwa, saa moja baadaye unapita na viatu vikavu. Yale maji yanakwenda chini kwa chini hadi ufukweni, na huko yanachanganyika na chumvi. Ndiyo maana kila nyumba ina birika, lile tangi la kuwekea maji ya mvua, na paa ndicho kisima. Mimi nimekulia Unguja, juu ya jiwe la matumbawe, visima vya mtaa mzima. Birika lenu niliona kama pambo la uani.

Na sikujua habari ya jivu. Haya ulipaswa kuniambia wewe, siku ile ile ya kwanza, kabla ya chai. Kwamba Novemba 2005 mlima ulitema jivu, likaanguka juu ya mapaa, likaingia kwenye mabirika ya maelfu ya watu, na maji yote ya kunywa yakawa tope la kijivu. Kwamba Koko, na umri wake ule, aliingia mwenyewe ndani ya birika kulisugua kwa kumbi la nazi, kisha mkaanza kungoja mvua kama watu wanaoanza maisha. Nimekuja kuyajua hayo miaka mingi baadaye, na si kwako.

Mimi nilifika Agosti 2006, msimu wa ndoa kubwa, kiangazi kimekaza, nyumba imejaa watu wa Marseille na masanduku yao. Mwezi wa tano lava ilikuwa imejaa shimoni huko juu, na watu wa Moroni waliona mawingu mekundu usiku. Kwa hiyo kila kijana alitaka kupanda, na mimi nikapanda. Siku mbili. Msitu, kisha vichaka vifupi, kisha hakuna kitu, mchanga mweusi na upepo. Tulilala ukingoni mwa lile bonde kubwa la kilele nikitetemeka na shati moja, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba huko juu kuna baridi. (Hilo nalo liandike. Wageni wako watakuja na kaptula.)

Nilirudi usiku. Jivu masikioni, jivu kwenye meno, kila nikisaga linalia kama mchanga kwenye wali. Viatu vilikuwa vya kuazima, vya mdogo wako, na nilitaka arudishiwe visafi. Ndiyo, niliviosha pale kwenye birika. Na suruali. Na miguu. Nilifunga koki. Dada, nilifunga. Nakumbuka baridi ya ile shaba kiganjani.

Asubuhi mlikuwa mmekaa ukumbini, wakwe wapo, wale wazee wawili wenye majoho wapo. Ukaja umeshika ule mwanzi wa kupimia maji. Hukunikabili mimi. Uliupitisha mbele ya watu kama anayeuza kitambaa, ukaweka kidole pale ulipoishia unyevu, shibiri moja kutoka chini, labda na nusu. Ukasema, "Haya ndiyo mgeni wenu aliyotuachia." Kisha ukausimamisha mwanzi karibu na sahani yangu. Tone moja likaanguka kwenye mkate.

Nimesamehe mengi maishani. Lile tone linanikera hadi leo.

Maana ile koki ilikuwa mbovu, na wote mlijua. Washa ya mpira ilikwisha kulika. Mdogo wako aliniambia kwamba kila usiku mnaikaza kwa kitambaa. Mgeni atajuaje habari ya kitambaa? Ungeniita pembeni ukanitukana kwa Kingazija chote unachokijua, ningeinama. Ukaona bora wakwe wajue kwamba kosa si la nyumba.

Koko hakusema kitu. Alisema tu, "Mpeni chai." Usiku wake ndipo akatusimulia habari ya lile ziwa la chumvi la kaskazini, lililomo ndani ya shimo la volkano kando ya bahari. Palikuwa na mji, mgeni mmoja akapita akiomba maji, wakamnyima, na mji ukadidimia pamoja na watu wake. Mimi nililala nikicheka, nikijua umepigwa kijembe wewe. Siku hizi sina hakika. Huenda na wewe ulilala ukijua nimepigwa mimi, maana katika hadithi ile mgeni aliomba. Hakujichotea.

Haya, nimesema.

Nyinyi wengine mnaosoma, kama mna safari ya huko nendeni, ni kuzuri, na watu wake wakarimu kuliko barua hii inavyowaonyesha. Mkisikia volkano msiogope sana. Koko alikuwa akisema mlima hupiga hodi, ardhi inatikisika kwanza. Mwaka 1977 lava ilitokea ubavuni, ikapita katikati ya kijiji cha Singani hadi baharini, ikala majumba, lakini watu walikuwa wamewahi kutoka. Ila hewa yake ya sumu haina hodi, mwaka 1903 iliua watu 17. Kwa hiyo msipande bila mwenyeji, na mkifika ulizeni habari za kituo kinachoangalia mlima.

Dada, Januari 2007 mlima ulipotema tena nilipiga simu siku tatu. Nilitaka kujua birika liko vipi. Nilitaka kujua Koko yuko vipi. Hukupokea. Na alipofariki nikasikia kwenye kundi la WhatsApp, watu wanaandika "Inna lillahi" mmoja baada ya mwingine, nikapandisha juu, juu, kutafuta ni nani, hadi nikakuta picha yake. Siku ya tatu. Khitma ilishasomwa. Nikatuma mchango wangu ukarudi. Ulirudisha pesa ya msiba, dada, kwa sababu ya maji ya miguu?

Sitaki jibu la hilo.

Waandikie wageni habari ya maji. Mstari mmoja unatosha: ndoo moja ya kuoga, na mwezi wa nane hata hiyo ni karamu. Waonyeshe birika siku ya kwanza, waone kiza chake, wasikie kopo linavyogonga chini. Hakuna atakayechukia. Mimi ningejua, ningevirudisha vile viatu na jivu lake, na mdogo wako angecheka tu.

Nimenunua koki. Ya shaba, nusu inchi, ya kuzungusha robo, haina washa ya kulika. Nipo na safari mwezi wa pili, tiketi nimeshakata, nitafikia Moroni kwa rafiki. Niambie tu kama bomba la lile birika bado ni la nusu inchi, au mlishalibadilisha.