Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, karibu sana shuleni kwetu.

Mheshimiwa, mtu akijikata, kidonda huvimba, hupata moto, kisha hupona. Hiyo ndiyo inflamesheni yenye faida, yaani kinga ya mwili ikipambana na madhara. Tunayoihofia sisi ni ile isiyouma wala kuonekana. Mafuta yakizidi mwilini, hasa ya tumboni, seli za kinga huyavamia na kumwaga kemikali kwenye damu siku nenda siku rudi. Ini huitikia kwa kutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo ni dalili ya inflamesheni, na vijana wenye uzito uliopitiliza hukutwa nayo nyingi kuliko wenzao. Kidogo kidogo insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, inalemewa na mishipa ya damu inadhurika, na mwenyewe bado yuko kidato cha pili!

Kwa wasichana kuna zaidi. Inflamesheni hiyo hulifanya ini litoe homoni ya hepsidini, ambayo huzuia madini ya chuma kufyonzwa kutoka kwenye chakula. Binti mnene anaweza kupungukiwa damu, na nyumbani wasijue la kufanya kwa kuwa wanamwona anakula vizuri.

Mheshimiwa, saa nne wakati wa mapumziko foleni yetu huwa ya chipsi, maandazi na soda. Soda moja ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25. Chupa moja tu imeshapita hapo. Wakati huohuo ugali wa dona, maharage na mchicha vina nyuzinyuzi zinazolisha bakteria wa utumbo wanaosaidia kutuliza inflamesheni, na dagaa wana mafuta ya omega-3 ambayo nayo husaidia kuituliza. Inatuuma kuona vyakula hivi vinahesabiwa kuwa vya wasio na uwezo.

Hatumwambii mtu ajinyime. Wapo wenzetu wanaoshinda na njaa hadi mchana kwa sababu wameitwa "bonge". Mwili unaokua unahitaji chakula, na utani huo tunaomba ukome, hata kwa walimu wetu wapendwa.

Mheshimiwa, tunaomba utusaidie kupata mizani na tepu ya kupimia kiuno, kwa kuwa kiuno kinatakiwa kisifike nusu ya urefu wa mtu. Vipimo vifanyike faraghani, na muuguzi. Tunaomba pia kantini iuze matunda na maji safi kwa bei tunayoimudu, na kipindi cha michezo kisigeuzwe kuwa cha masomo ya ziada mitihani inapokaribia.

Tunaomba kuwasilisha.