YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAMERA NA VIFAA JANJA MLIVYOFUNGA NYUMBANI KWANGU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kaunta kwenu. Nilipomweleza kijana wenu kwamba kamera ya sebuleni haikubali kuhamia kwenye simu yangu, alitoa simu yake mfukoni, akafungua programu, akageuza kioo kwa wateja waliokuwa kwenye foleni: "Mama, si hii hapa inafanya kazi?" Iliyoonekana ni sebule yangu, na mama yangu mzazi amejilaza kwenye kochi, kanga moja kifuani.

Mnajua kwa nini aliweza. Mafundi wenu walisajili kila kifaa kwa akaunti ya huyo kijana, mimi nikatumiwa mwaliko, nikawa mgeni. Mwenye akaunti ya kwanza anaona, anawasha, anazima, anaongeza watu na kuwatoa. Mgeni hawezi kumtoa yeye. Kuriseti hakusaidii. Nabonyeza kitufe cha kamera mpaka taa ipepese, programu inajibu kuwa kifaa ni cha mtumiaji mwingine. Lazima yeye akifute kwanza kwenye simu yake. Kazi ya haki ingekuwa simu ya mteja, akaunti ya mteja, ruta iwekwe kwenye mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 2.4 kwa sababu vifaa hivi havishiki ya GHz 5, kisha fundi apewe ruhusa ya muda na aondolewe akimaliza.

Hita ya kuogea nayo! Ni ya kilowati 5.5, kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Mmeipitisha kwenye swichi janja iliyoandikwa 16A ubavuni, yaani mwisho wake ampea 16. Plastiki imegeuka kahawia pale waya wa moto, yaani unaoleta umeme, unapoingia, na inanuka. Umeme ukikatika na kurudi, inajiwasha yenyewe, maana hakuna aliyeingia kwenye mipangilio akachagua ibaki imezimwa. Mimi mgeni siruhusiwi kubadilisha. Chumbani balbu za LED zinapepesa hata zikizimwa: kwenye boksi la swichi hakuna nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwa hiyo umeme kidogo unapita kwenye taa, na kapasita, kile kifaa kidogo cha kuzuia kupepesa kinachokuja na swichi hizo, hamkuifunga kwenye taa.

Narudia, isije ikasemwa sikueleweka. Mfanyakazi wenu, ndani ya duka lenu, aliwaonyesha watu baki mama yangu akiwa na kanga moja, ndani ya nyumba yangu. Mzee mmoja kwenye foleni aliinamisha uso. Kijana hakuzima. Aliikuza picha kwa vidole viwili nione "inavyong'aa".

Naomba avifute vifaa vyote kwenye akaunti yake mbele yangu, pamoja na rekodi zilizohifadhiwa mtandaoni. Swichi ya hita itolewe, na kama ni lazima iwashwe kwa simu, swichi janja iamrishe kontakta, yaani swichi ya umeme mkubwa, inayohimili mzigo huo, isiubebe yenyewe. Na kuomba kumeishia hapo. Nataka fedha zangu zote, vifaa na ufundi, na barua ya kumwomba radhi mama yangu yenye sahihi yako wewe Meneja, si ya kijana. Wiki hii ikiisha kimya, suala la kamera linakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Sheria ya mwaka 2022, na swichi iliyoungua naipeleka Tume ya Ushindani, inayolinda pia walaji, pamoja na risiti yenu.

Mteja wenu.