Mudi, nizuie kabla sijanunua andazi

Oya Mudi, za siku? Najua nimepotea, toka msiba wa mama Nuru sijakupigia, lawama zote nimepokea, shemeji na watoto wasalimie sana. Huku wazima. Sasa sikia, nina ishu ya gari na Dotto nimechoka kumuuliza maana yeye jibu lake siku zote ni "chukua IST".

Nimepata Mazda RX-8 huku Dar, Tegeta, nyekundu, ile milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume, mkoko haswa, na bei karibu sawa na hiyo IST! Hapo ndo ningestuka. Nafika nakuta dalali kashaiwasha zamani, boneti ya moto, tukapiga raundi hadi Bunju, kaka linakwenda kama limetumwa. Tukarudi, nikaizima, nikanunua soda, nikawasha tena. Weee. Ikazunguka ikazunguka kama blenda isiyo na kitu ndani, ikaja kushika kwa shida. Dalali anasema betri. Betri gani inachoka gari limetoka kutembea nusu saa?

Nikaanza kuulizia. Ile injini haina pistoni, ina vyuma viwili vya pembetatu kama andazi vinazunguka ndani, na kila ncha ina kipande chembamba cha kuziba, vikilika ndo kompresheni, ile presha ya ndani ya injini, imekwenda na gari linagoma kuwaka likiwa la moto, yaani hicho hicho nilichokiona. Hata kuipima inataka kipimo chake, sio kile cha mafundi wetu. Nimezunguka maduka ya spea kule Gerezani toka asubuhi, duka la nne jamaa kaangalia picha kwenye simu akaniuliza "hii ya boti?" Maana yake kila kitu kuagiza Japani, unalipa spea unalipa na usafiri, gari liko juu ya mawe uani, alafu anayefungua ni fundi anayejifunzia kwako, basi ndo hivyo. Na cc 1300 tu lakini inakunywa mafuta kama imeolewa na sheli, oili nayo inachoma kidogokidogo makusudi kabisa, ndivyo ilivyoundwa.

Ila Mudi lile gari zuri. Jana nimelala naliwaza.

Ndo nikaona kuna Toyota Altezza inauzwa huko kwenu Arusha, Njiro, ya klachi. Kama ni silinda sita injini yake 1G, ile ile ya Mark II GX 110, spea unazikanyaga tu, ila haiendi kivile, farasi 160. Silinda nne ni injini ya 3S yenye kichwa (silinda hedi) cha Yamaha, hiyo ina 210, tamu, lakini kichwa chake sio cha 3S tulizozoea kwa hiyo kwenye spea nakuwa nimeikimbia ile ya Tegeta nusu njia tu. Picha hazionyeshi ni ipi.

Naomba uende, alfajiri, usimwambie saa, shika boneti kwanza iwe ya baridi. Soma kibati cha modeli, GXE10 ni sita, SXE10 ni nne. Mkanda wa taimingi kabadilisha lini? Ikiwaka inatoa moshi wa bluu? Fundi Shabani bado yupo, anaweza kwenda na wewe? Ile Mark II yako alikutoza ngapi kushusha gia boksi? Na we unaonaje, naiogopa bure hii RX-8? Mguu wa bi mkubwa umepona?

Nijibu kabla ya Jumamosi, dalali anasema kuna mtu analeta hela Jumapili, najua ni uongo lakini presha inanipanda.